Redio mbili za bure, waya mmoja wa maana: nilivyoingia kwenye masafa mafupi hapa Uyole

Nianze na hela maana ndo inauma. Mpaka nasikia mtu wa kwanza akiongea kwenye masafa mafupi, ile SW ya kwenye redio, mtu binafsi namaanisha, siyo stesheni, nilikuwa nimeshatoa laki tano kasoro elfu tano, na katika hizo laki mbili na elfu ishirini na tano zilienda bure kabisa, redio mbili ambazo moja mdogo wangu anasikilizia mpira na nyingine iko chini ya kitanda sijui hata kama betri zake hazijavuja. Mimi niko duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya, mbegu, mbolea, dawa za nyanya, sijasomea umeme wala elektroniki, kwa hiyo ukiona naeleza kitu kienyeji ujue ndivo nilivyokielewa.

Ugonjwa wenyewe wa redio niliutoa Njombe. Mama mdogo alikuwa nesi hospitali ya misheni, na likizo za Juni tulikuwa tunapelekwa kwake, ile baridi ya Njombe ya asubuhi majani yameganda barafu, na kulikuwa na chumba kidogo chenye redio koli. Waliozaliwa juzi hawajui, lakini kabla ya simu za mkononi ndo ilikuwa simu yetu, parokia, zahanati, hospitali, wote wanakutana hewani saa fulani ya asubuhi, mtu anaomba dawa, mwingine anauliza gari limefika wapi, na misiba mingi ya ukoo wetu ilipitia humo. Nakumbuka maiki nyeusi yenye waya uliojiviringa, sista ameishika kwa mikono miwili, "nakupata, nakupata, endelea, ova", na katikati ya maneno kuna ule mluzi unaopanda na kushuka. Nilikuwa najiuliza ile sauti imepitaje milimani bila waya. Simu zikaja, mtambo ukafunikwa kitambaa cha kudarizi, ikawa ndo mwisho.

Agosti 2023 nikaona redio mjini imeandikwa bendi 12, elfu arobaini na tano, nikalipa bila hata kuijaribu vizuri. Usiku nazungusha kile kidude, napata Wachina (China inasikika karibu kila kona ya masafa mafupi, hutaikosa), napata Kiarabu, napata mahubiri, halafu ukigusa meza kidogo stesheni imehama. Nikasema sawa, lakini nataka wale watu wanaoongea wenyewe kwa wenyewe, redio ya ridhaa, wenyewe wanajiita ham. Nikafika pale walipo nikasikia kitu kama bata anayekoroma ndani ya debe, kwakwakwa, hakuna neno hata moja. Nikajua redio mbovu.

Kumbe siyo mbovu. Stesheni za matangazo zinarusha AM, sauti imepanda juu ya wimbi linaloibeba, redio yoyote inaisoma. Wale wa ridhaa wanapoongea kwenye masafa mafupi wengi wanatumia SSB, yaani wanakata lile wimbi la kubeba na upande mmoja mzima, wanarusha kipande kilichobaki tu ili nguvu kidogo iende mbali. Sasa redio yako lazima iweze kurudishia kile kilichokatwa, bila hivo unasikia bata. Hii sentensi moja ingenisaidia laki mbili na ushee. Kama kwenye boksi au kwenye redio yenyewe hakuna neno SSB, hiyo redio ni ya kusikiliza stesheni, full stop, muuzaji aape asiape.

Mi nikaapiwa. Nikaagiza ya pili mtandaoni kwa mtu wa Dar, laki na themanini, nikamuuliza ina SSB? Akasema ina kila kitu dada yangu. Ikaja na basi, nikaifungua pale pale stendi kwa furaha, ina tochi, ina soketi ya flashi, ina honi ya kuitia watu. SSB haina. Nilipiga simu haikupokelewa mpaka leo.

Ya tatu ndo ninayo, Tecsun PL-330, ndogo inaingia kwenye mkoba, niliinunua mkononi kwa mtu kwa laki mbili na sabini mwezi wa 12. Hii nilienda na akili, nikamwambia tuiwashe, tuiweke kwenye SSB mbele yangu.

Ila ngoja, kuna kitu cha bure kabisa ambacho ningekianza kabla ya zote. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi wana risiva yao wameiunganisha kwenye intaneti, inaitwa WebSDR, unafungua kwenye simu yako unazungusha wewe mwenyewe kuanzia chini kabisa mpaka megahezi 29, unachagua AM au SSB, unasikia wanachosikia wao. Ukikaa nayo wiki moja kwa bando la kawaida utajua kama hiki kitu unakipenda kweli au ulikuwa na stresi tu. Inakufundisha pia kutune SSB, maana ni kazi, unasogeza taratibu taratibu mpaka sauti ya bata inakuwa ya binadamu, na ukumbuke chini ya megahezi 10 wanaongea LSB (wanarusha ule upande wa chini), juu yake USB (upande wa juu, siyo ile USB ya chaja), ukikosea hapo utasogeza mpaka kesho.

Basi nina redio sahihi, nimejifungia chumbani, najua kutune, na nasikia NGRRRRRRR. Kila bendi. Nikavuta antena yake yote, nikapanda kitandani, nikaenda dirishani, ngrrrr ile ile. Nilishaanza kuandika tangazo la kuiuza, kweli kabisa, nimeshapiga na picha.

Januari 2024, saa mbili usiku, mvua imetoka kuacha, umeme ukakatika. Redio ilikuwa inawaka kwa betri yake, iko kwenye megahezi 14.2 na kitu, nimeiacha tu inanguruma huku nakuna nazi. Umeme ulivyokata ile ngrrrr ikakata nayo. Kimya. Siyo kimya cha redio iliyozimika, kimya chenye upepo ndani yake, na katikati ya ule upepo kuna mwanaume anasema taratibu kabisa, si kyu, si kyu, si kyu, halafu herufi zake za utambulisho, India Zulu, yaani I na Z, namba imezama. Nikaweka mbuzi chini mikono ina tui. Akarudia. India Zulu ni Italia. Mtaliano yuko kwake huko anaita mtu yeyote duniani amjibu, na mimi niko Uyole gizani namsikia anavyovuta pumzi. Akajibiwa na mwingine simsikii, wakaongea hali ya hewa na antena zao kama dakika nne, wakaagana na sabini na tatu, ndo salamu yao. Umeme uliporudi saa tatu na nusu ukarudi na ngrrrr yake, ndo nikaelewa adui yuko ndani ya nyumba.

Kesho yake nikaifanya redio kipima uchafu. Unaiweka AM sehemu isiyo na stesheni, unatembea nayo ukiisogeza karibu na kila kitu. Taa ya LED ya koridoni ya elfu mbili na mia tano ilikuwa inapiga kelele kuliko zote, nikamnunulia mama mwenye nyumba nyingine nzuri zaidi akashukuru bila kujua. Chaja yangu ya simu ya kichinachina, hiyo ikishikwa karibu redio inalia kama imechomwa. Dikoda ya jirani. Na kile kidude cha sola kinachochaji betri ya uani, mchana kuna jua kinanguruma, jua likizama kinanyamaza, hicho sikuwa na ruhusa ya kukigusa, nikajifunza kusikiliza baada ya saa kumi na mbili. Wa vijijini mnaotumia sola tupu muangalie sana hapo, unaweza kulaumu redio bure.

Halafu waya. Hapa niseme wazi, waya wa elfu kumi na sita umenifaidisha kuliko redio ya laki na themanini. Nilinunua mita 20 za waya wa kawaida wa wayaringi ya nyumba, shilingi 800 kwa mita, nikamlipa kijana soda akapanda mparachichi wa uani, ncha moja juu kule imefungwa na kamba ya katani (waya wenyewe usiguse mti), ncha nyingine inaingia dirishani kwangu kwenye tundu la antena. Kuna wanaopiga hesabu nzuri zaidi, 143 gawanya kwa megahezi unapata urefu wa mita wa antena ya pande mbili, kwa 14.2 ni kama mita 10, mita 5 kila upande, hiyo nayo nilijaribu baadae na ni nzuri kwa bendi yake. Ila kwa kuanza, mrefu, juu, mbali na nyumba, basi. Ukiufunga waya juu ya bati unafundisha bati kusikiliza.

Nyumba ya kupanga lakini ina macho. Dada hajaolewa, anazima taa mapema, waya unatoka dirishani unaenda mtini, usiku anasikika anaongea na watu wanaolia mluzi. Wiki mbili hazijaisha balozi wa nyumba kumi akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Habari za kazi. Nimesikia una mawasiliano."

Sikubishana, nikampa kiti na spika za masikioni. Ilikuwa jioni, nikaiweka kilohezi 11735, Zanzibar, masafa yao ya miaka mingi, haiko hewani kila siku lakini siku ile ilikuwepo, na walikuwa wanapiga taarab. Mzee akafumba macho. Akakaa nusu saa nzima. Mwisho akaniuliza hii ni Unguja moja kwa moja? Bila bando? Nikamwambia bila bando, baba. Akasema basi mwambie fundi wako auinue kidogo ule waya, unapita karibu na kamba ya nguo, mtu atajinyonga. Ushauri wangu, usifiche, ukificha utaambiwa una majini au unapeleleza, mweleze mwenye nyumba na jirani kabla hujafunga chochote.

Kitu kingine kilichonipotezea muda ni saa. Ratiba zote ziko UTC na sisi tuko mbele masaa matatu, mi nikiona 1700 nilikuwa najua ni saa kumi na moja jioni, nimekaa hivo karibu wiki mbili nasubiri kipindi kisichokuja. 1700 UTC kwetu ni saa mbili usiku. Sasa kuna uchawi mdogo nimeugundua: chukua saa ya Kiswahili, jumlisha tatu. Saa mbili usiku, mbili na tatu ni tano, tano ya jioni yao, yaani 17. Saa tatu asubuhi inakuwa sita, 0600. Saa kumi na mbili jioni inakuwa tatu, 1500. Haikosei. Nimetundika pia saa ya zamani ya ukutani nimeirudisha nyuma masaa matatu, wageni wanafikiri imekufa.

Kuhusu lini usikilize wapi, usijaze kichwa. Mchana jua linatengeneza tabaka la chini huko angani, kilomita kama 60 mpaka 90, linalokula masafa ya chini, kwa hiyo mchana panda juu, megahezi 15, 17, 21, hata 28. Jua likizama lile tabaka linayeyuka, masafa ya chini yanapata njia ya kufika tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini mbali, ndo unashuka 9, 7, 6. Saa ya kuzama jua hapa kwetu, ile saa kumi na mbili mpaka mbili usiku, ndo asali yenyewe, vitu vinafunguka kutoka pande zote. Kuna jambo lilinichanganya sana, namsikia Mtaliano ila mtu wa Dodoma simsikii. Wimbi linaruka juu linatua mbali, wa karibu wanabaki kwenye kivuli katikati. Na kuanzia Novemba mvua zikianza, masafa ya chini usiku yanajaa vishindo, kra, kra, hiyo ni radi, na kule Kongo ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, vishindo vyake vinatufikia.

Radi yetu wenyewe ndo siyo ya kuchezea. Mbeya na Rungwe mnaijua. Mwezi wa tatu mwaka ule mkaratusi wa jirani ulipasuliwa mbele ya macho yetu kutoka juu mpaka chini, ni kama mita 60 na mparachichi wangu. Tangu siku hiyo wingu likianza kuwa jeusi juu ya Loleza nachomoa waya, na sichomoi tu nikauacha kitandani, natupa ncha yake nje ya dirisha kabisa mbali na ukuta. Kulala na waya umechomekwa msimu wa mvua hapana, hata kama nyota zinaonekana.

Sasa aibu yangu kubwa. Mei 2024, ijumaa tarehe 10 usiku nimewasha, bendi zote za juu hazina kitu. Jumamosi asubuhi hamna, jioni hamna, yaani upepo mtupu, hata Wachina wamedhoofu. Nikajua redio imekufa. Nikachukua bisibisi ya kufungulia mizani ya dukani nikaifungua, nikavuta mfuniko kwa nguvu, kile kiriboni chembamba cha ndani kikakatika. Nimeikata mwenyewe nikiwa nimekaa jikoni. Jumapili ndo naona watu mtandaoni wanaweka picha za anga jekundu Ulaya na Marekani, ilikuwa dhoruba ya jua, kubwa ambayo haijatokea tangu 2003, masafa mafupi yalivurugika dunia nzima. Redio yangu ilikuwa nzima kabisa mpaka nilipoitibu. Fundi simu mmoja alinitengenezea kwa elfu thelathini na tano, akanicheka na kunicheka. Kwa hiyo siku bendi ikifa, kabla ya bisibisi uliza kwanza jua limeamkaje, kuna tovuti zinatoa hali ya jua kila siku bure. Ulikuwa wakati mzuri pia, Oktoba 2024 NASA na wenzao walitangaza jua limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa kama miaka 11, ndo maana megahezi 28 ilikuwa inaongea mchana kutwa, baada ya kilele inapungua taratibu mwaka hadi mwaka.

Baada ya redio kupona ndo nikaingia kwenye raha yenyewe. Nina daftari la kumbukumbu, tarehe, saa ya UTC, masafa, nani. Herufi za mwanzo zinakwambia nchi, 5H ni sisi, 5Z Kenya, 7Q Malawi, 9J Zambia, ZS Afrika Kusini, JA Japani. Laptopu ya dukani nikaiwekea programu inasoma FT8, mtindo wa kidijitali uliotolewa 2017 na Joe Taylor, mzee aliyepata Nobeli ya fizikia 1993, pamoja na Steve Franke. Unaweka redio 14.074 kwa USB, waya kutoka tundu la spika kwenda laptopu, kila sekunde 15 inakuandikia waliosikika hata wale sikio halisikii kabisa. Jioni ya kwanza sikupata hata mmoja, saa ya laptopu ilikuwa imekosea sekunde nne tu, ukiirekebisha inajaa. Mi huko natambulika kama KI61, ndo mraba wetu wa Mbeya kwenye ramani yao, Iringa mjini ni KI72.

Stesheni moja ya Asia niliwaandikia barua ya jinsi nilivyowapata, saa, masafa, nilichosikia kwenye kipindi, na alama za SINPO, ndo mtindo wa kupima usikivu kwa vitu vitano kama nguvu na kelele, kila kimoja moja mpaka tano. Usitoe tano zote kwa adabu, wanataka ukweli, mi nilitoa tatu kwenye kelele. Miezi mitatu baadae kadi yao ya kuthibitisha nimewasikia ikaja sanduku la posta la dukani, bosi akauliza una mchumba nje?

Kuongea bado. Kurusha bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa na siyo kosa dogo, na kuna mtu alishaniletea mtambo wa redio koli wa zamani, umetoka sijui ofisi gani, kwa bei ya kuokota, ule ule wa maiki yenye waya uliojiviringa, nikaushika, nikaurudisha, siku hiyo sikula vizuri. Nafuatilia utaratibu wa leseni na ninasoma. Kusikiliza kwanza kumenisaidia, maana najua sasa mtu mwenye 5H akiita tu watu wa Ulaya wanavyomrukia kumi kwa mpigo kwa sababu tuko wachache, ukiingia pale hujui adabu zao utakimbia.

Saa hizi tatizo ni mparachichi. Madalali wamemwambia mama mwenye nyumba mti ukikatwa juu utazaa vizuri, mwezi ujao unashushwa, kwa hiyo natafuta mwanzi mnyoofu wa mita 8 hivi wa kusimamisha nguzo. Iringa mnao kibao lakini nauli ya mwanzi kwenye basi nimeulizia ni kichekesho. Mwenye nao Uyole, Igawilo au Isyesye anicheki, uwe mkavu tu, na usiwe ule mnaogema ulanzi maana nitapata wageni wengine kabisa pale uani.